Kalamu Iliyojificha kwenye Simu

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana wenzangu, mambo vipi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kupanga maboresho ya tovuti ya simu, tukiwafikiria wasomaji pamoja na wale wachangiaji wa mara mojamoja, watu wa kupita njia tu. Nilikuwa nimeandaa slaidi. Nimeziacha nyumbani kwa makusudi. Zote zilikuwa picha za skrini ya simu, na skrini ya simu ikishakuzwa ukutani inadanganya: herufi zinasomeka mpaka mlangoni. Simu ya kweli iko mkononi, juani, kioo kina ufa, na mwenye simu ana macho ya miaka sitini.

Mfano wangu leo ni Wikipedia, na hasa hii ya Kiswahili, kamusi elezo huru iliyoanza mwaka 2003. Nimeichagua kwa sababu ni tovuti ambayo msomaji na mwandishi wanatakiwa kuwa mtu yuleyule. Ukiona kosa gazetini utaandika barua kwa mhariri, au utaguna na kugeuza ukurasa. Huku kosa ni lako kulisahihisha, hapohapo, kabla chai haijapoa. Basi swali la mpango wowote wa maboresho ni hili: kutoka jicho linapoona kosa mpaka mkono kulisahihisha, kuna hatua ngapi?

Niwape kisa. Nina jirani, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mbozi. Siku moja akaniita barazani kwake, simu mkononi, miwani puani. Alikuwa anasoma ukurasa wa kata ya kwao. Ukurasa unasema kata iko Mkoa wa Mbeya. Nyie mnajua Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Mbozi ikaenda huko. Mwalimu alikuwa amekasirika vile walimu wanavyokasirika, kwa upole wa kutisha. Akaniuliza: "Kijana, hawa watu wa Wikipedia ofisi yao iko wapi, niwapigie?"

Nikamwambia, mwalimu, hapa hakuna wa kumpigia, sahihisha mwenyewe. Akanitazama juu ya miwani. "Mimi? Kwa ruhusa ya nani?"

Sikumwambia papo hapo kwamba ukurasa ule niliuandika mimi, mwaka 2014, nikauacha kama mtu anavyoacha shamba la mkopo. Nilimwambia baadaye. Bado ananidai soda.

Nikakaa kando yake, nikafunga mdomo, nikatazama. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani yetu, kukaa kando ya mtu na kufunga mdomo. Mwalimu alishusha ukurasa mpaka chini, akaupandisha mpaka juu. Alama ya kalamu, ambayo ndiyo kitufe cha kuhariri, aliiona, ila alidhani ni ya kuandikia ujumbe, kama kwenye WhatsApp, akaogopa asije akamtumia mtu asiyemjua. Nilipomwonyesha akaibofya, akaletewa onyo kuwa hajaingia kwenye akaunti. Akaogopa tena. Akaendelea. Neno "Mbeya" lilikuwa ndani ya sanduku la taarifa, lile la pembeni lenye ramani, na sanduku lile sisi wahariri wa siku nyingi tulilijaza mabano yaliyopindapinda na mistari wima mpaka limefanana na fundo la wavu. Akalipata neno, akalifuta, akaandika upya. Kibodi ya simu yake ilikuwa ya Kiingereza, ikawa inamfundisha yeye kuandika: "kata" ikawa "Kate". Alipomaliza, ile chai ilikuwa imepoa.

Watu wengi tukisikia kisa kama hiki tunakimbilia kusema: basi tuongeze kitufe kikubwa chekundu. Subirini. Kwanza tuelewe kalamu ilifichwaje, kwa sababu walioificha hawakuwa wajinga.

Tovuti ya simu ya Wikipedia kwa sura hii tunayoitambua ilijengwa upya mwaka 2011. Kumbukeni simu za wakati ule. Skrini ndogo, mtandao wa 2G, bando la kupimwa kwa matone. Wajenzi wakafanya alichofanya kila mtu mwenye akili: wakapunguza. Sehemu za makala zikakunjwa, unafungua unayoitaka. Yale majedwali ya viungo yanayokaa chini ya makala kwenye kompyuta yakaondolewa. Historia ya ukurasa ikasogezwa pembeni, na kiungo cha "Majadiliano" hakikuonekana kwa msomaji wa kawaida. Kuhariri kwa simu kulifunguliwa kwa waliojisajili mwaka 2013, na hali ya juu yenye zana kamili za wahariri ikaja mwaka 2019, nayo ni kwa aliyejisajili na kuiwasha mwenyewe kwenye mipangilio.

Msomaji alipata raha, hilo sibishi. Lakini sasa una kizazi kizima ambacho hakijawahi kuiona Wikipedia kwenye kompyuta. Kijana wa miaka ishirini hapa hajawahi kukutana na neno "Majadiliano". Hajawahi kuona kwamba nyuma ya ukurasa kuna watu wanabishana kama jina ni Kilwa Kisiwani au Kilwa tu. Anaona maandishi yaliyotulia, safi, kama yametoka serikalini. Kwa nini asiulize ofisi iko wapi?

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kwa muda. Kila unachokificha ili msomaji asome kwa utulivu, umemnyang'anya mchangiaji. Na kila unachokirudisha kwa ajili ya mchangiaji kinamsumbua msomaji, kinakula skrini, kinakula bando. Wanaowaambia kwamba mahitaji ya hawa wawili yanakwenda sambamba hawajawahi kukaa na mtu mwenye megabaiti hamsini zilizobaki mpaka kesho asubuhi. Kupanga maboresho ni kuamua nani atapunjwa, wapi, na kwa kiasi gani. Ukikwepa kuamua, ukubwa wa skrini utakuamulia.

Upande wa bando kuna mambo mazuri yamefanyika. Mwaka 2016 toleo la simu lilianza kuchelewesha picha: hazishuki zote ukurasa unapofunguka, kila moja inasubiri mpaka ushushe karibu nayo. Msomaji wa aya ya kwanza tu halipii picha thelathini za chini. Mchangiaji naye hapotezi kitu. Maboresho ya namna hiyo ni machache, mkiyaona yachukueni mbio.

Kihariri ni habari nyingine. Kile cha kuona, ambapo unaandika kama unavyoandika barua, kinataka kivinjari kishushe programu ambayo kwa makala zetu fupifupi inaweza kuwa nzito kuliko makala yenyewe. Wakaja na dawa ya kuhariri sehemu moja badala ya ukurasa mzima, na ikasaidia. Lakini pale mwanzo, unapobofya kalamu na mstari ukaanza kutembea polepole juu ya skrini, wengi wanaondoka. Mimi mwenyewe nimeshaondoka, na mimi ni mtu wa humuhumu.

Tena sisi tuko mbali. Shirika la Wikimedia, ndilo linaloendesha Wikipedia, lina vituo vyake vya data Marekani, Amsterdam, Singapore, Marseille tangu 2022, na São Paulo. Afrika hakuna hata kimoja. Kila ombi la ukurasa kutoka Kariakoo linavuka bahari na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mliona wenyewe intaneti ilivyosuasua. Aliyekuwa amejaza aya nzima kwenye kisanduku siku ile akabofya kuchapisha, alipoteza jasho lake. Kwa hiyo kwenye mpango wangu, jambo la rasimu kubaki ndani ya simu mpaka mtandao urudi liko juu kuliko rangi, kuliko mwandiko, kuliko mandhari ya giza. Mandhari ya giza yalipofika 2024 nilifurahi kama wengine, macho yangu usiku yanashukuru. Lakini hayakumwongezea mtu yeyote aya.

Kuna waliofikiri dawa ni kufuta gharama kabisa. Mpango wa Wikipedia Zero ulianza 2012, kampuni za simu zikakubali kutowatoza watu data za kusoma Wikipedia. Ulifungwa 2018. Nchini Angola watu wakagundua kwamba wanaweza kupakia filamu kwenye hazina ya picha ya Wikimedia na kupeana viungo, bure. Walikuwa wachangiaji wenye bidii sana, sema hawakuwa aina tuliyoitarajia. Ninacheka, lakini mtu akikosa bando la filamu akapata mlango wa bure, unataka aandike kuhusu mito?

Haya. Sasa niseme jambo ambalo halihitaji seva wala pesa, na ndilo ninalolipenda kuliko yote: lugha.

Kitufe kinasema "Hariri". Neno zuri, sahihi, liko kwenye kamusi. Lakini nenda stendi, muulize kondakta maana ya kuhariri. Atakwambia ni kazi ya mhariri wa gazeti, mtu wa tai. Mwalimu wangu, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini, alijua maana yake barabara, na ndiyo sababu lilimtia shaka. Aliona ni cheo. Nilipomuuliza angependa kitufe kiseme nini, akajibu bila kufikiri: "Sahihisha." Neno la daftari la shule. Kila aliyesoma darasa la kwanza anajua kusahihisha ni nini, na anajua kwamba hata mtoto anaweza kumsahihisha mwenzake wakibadilishana madaftari.

Nimewauliza wengine baadaye, fundi cherehani, dada wa duka la dawa, kijana wa bodaboda. Sina takwimu za kuwapa na sitajifanya ninazo. Hakuna aliyeshangaa neno "sahihisha". Najua wako watakaosema kusahihisha ni kurekebisha kosa tu, na kuhariri ni kuongeza pia. Kweli kabisa. Lakini huyu mtu wa kupita njia haji kuongeza sura tatu. Anakuja na kosa moja mkononi. Mwiteni kwa neno la kosa hilo.

Na maneno haya yanabadilika. Hayakuchongwa kwenye jiwe. Maneno ya vitufe na maonyo yote hutafsiriwa na watu wa kujitolea kwenye tovuti ya translatewiki.net. Ukiona tafsiri imekaa kama imevaa koti la kuazima, ingia, pendekeza nyingine, jadilianeni. Lile onyo lililomtisha mwalimu lingeweza kuandikwa kama mtu anavyomkaribisha mgeni mlangoni. Tuliliandika kama tangazo la mahakama.

Jambo la pili la lugha ni kutafuta. Nyie wataalamu wa programu, sikilizeni hapa. Kisanduku cha kutafuta kinakupa mapendekezo kwa kufuata herufi za mwanzo za kichwa cha makala. Kwa Kiingereza hiyo ni sawa, maana wingi unakaa mwishoni mwa neno. Kiswahili kinaweka mambo mwanzoni. Mtoto akiandika "miti", makala ya "Mti" haimjii kwa njia hiyo, mpaka awepo mtu aliyetengeneza ukurasa wa kuelekeza kutoka "Miti" kwenda "Mti". Wachagga na Mchagga, mizinga na mzinga, vyuo na chuo. Kwenye simu, ambako kila herufi ni jasho, msomaji akikosa mara ya kwanza hajaribu tena. Anarudi Google, anasoma kwa Kiingereza, au anaacha.

Dawa ya haraka haina programu. Ni kukaa na orodha ya majina yenye umoja na wingi, na kutengeneza kurasa za kuelekeza, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inafanyika kwa simu, ukiwa kwenye foleni benki. Ni kazi nzuri ya kumpa mchangiaji mpya kwa sababu hawezi kuiharibu, na anaona matokeo papo hapo: anaandika "miti", mti unakuja. Dada mmoja nimemwona akicheka kwa sauti ilipomtokea.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada yangu… Anauliza: tukiwafungulia watu mlango hivyo, uharibifu si utazidi?

Utaongezeka kiasi. Lakini tazama upande wa pili wa jambo hilo, ambao hausemwi sana. Mtu anakuja na simu, anaweka jambo la kweli, haweki chanzo. Mhariri wa zamu anaona idadi ya watu imebadilika bila ushahidi, anairudisha ya zamani, na ana haki. Anamwachia mgeni ujumbe wa kumweleza. Kwa miaka mingi, mhariri wa simu ambaye hakujisajili hakuwa anaonyeshwa kwamba ana ujumbe. Alikuwa anasemeshwa na hasikii, anarudia, anafungiwa, na aliyemfungia anaamini ni mkaidi. Siku hizi kuna akaunti za muda badala ya kuanika anwani ya IP ya mtu, ile namba ya kifaa chake mtandaoni, na taarifa zinafika vizuri zaidi. Pia kuna ukaguzi unaojitokeza wakati unaandika: umeongeza maneno mapya bila chanzo, unakuuliza kwa upole, chanzo chako ni kipi? Ulitengenezwa huku wahariri wapya wa Afrika kusini mwa Sahara wakifikiriwa tangu mwanzo, na mimi nauhesabu miongoni mwa vitu vya maana vilivyofanywa kwa mtu wa simu.

Lakini nao unaibua swali letu la nyumbani: mwalimu atatoa chanzo gani? Yeye amezaliwa pale. Taarifa ya Sensa ya 2022, ile iliyotuhesabu watu 61,741,120, ipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kumwambia mtu mwenye bando la siku apakue kitabu cha kurasa mamia ili athibitishe watu wa kata moja ni kumfukuza kwa adabu. Hiyo ni kazi yetu sisi wenye kompyuta. Tuandae kigezo, yaani kipande cha maandishi kilicho tayari, cha chanzo cha sensa kilichokwisha kujazwa, yeye achague tu kutoka kwenye orodha. Bora zaidi, takwimu ziwekwe mara moja kwenye Wikidata, ghala la data la Wikimedia, na sanduku la taarifa lizivute kutoka huko, ili lile fundo la wavu lisiguswe na mkono wa mgeni kabisa. Mwalimu abaki na yale asiyoyajua mtu mwingine: jina la kata lilitoka wapi, soko lilihamishwa lini.

Kuhusu kupima. Wenzetu wa Wikipedia kubwa wanagawa watumiaji makundi mawili, hawa waone kitufe cha zamani, wale kipya, baada ya wiki mbili wanahesabu. Sisi tuna wahariri wachache mno. Kipimo hicho kwetu kitachukua miezi na bado kitakupa jibu la kubahatisha. Usione aibu kwa hilo. Keti na watu watano, mmoja mmoja, kila mmoja na simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, wape kosa moja la kusahihisha, ufunge mdomo. Andika walipokwama. Kufikia mtu wa nne utakuwa unajua kabla hajabofya. Namba moja tu naomba muihifadhi: marekebisho ya wageni ambayo baada ya saa 48 bado yamesimama. Usihesabu mibofyo. Mibofyo mingi ni ya watu waliopotea.

Mwalimu wangu rekebisho lake lilisimama. Lipo mpaka leo, nimelitazama asubuhi kabla ya kuja. Amerudi mara moja tu tangu siku ile, kuongeza alama ya koma. Hatajisajili, hatahudhuria mkutano, Wikimania, mkutano wa dunia wa watu wa Wikipedia, ilipokuja Nairobi mwaka 2025 hakujua wala hakutaka kujua. Mpango wetu usijaribu kumgeuza awe kama mimi. Umwezeshe tu kuweka koma yake bila kuumia macho.

Muda wangu umekwisha na mratibu ananikazia macho. Mezani kwenu kuna karatasi zenye majina ya kata, kila meza majina kumi. Tafuteni ukurasa wa kila kata, tazameni mkoa, tazameni kama idadi ya watu ni ya 2012 au ya 2022, rekebisheni. Asiyewahi kuhariri ndiye ashike simu, anayejua akae kando yake asiseme neno, aandike. Na kabla hamjaanza, tafadhali, kila mtu azime waifai ya ukumbi. Tumieni bando zenu.